Kuandika Sayansi kwa Kiingereza: Anachokijua Mtafiti na Usichokijua Mtambo

Mwaka 1969 jarida la Physics Education la Uingereza lilichapa makala fupi yenye kichwa cha neno moja, "Cool?". Waandishi wake walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa kijana wa Kitanzania, Erasto Mpemba, ambaye wakati huo alikuwa akisomea usimamizi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka, karibu na Moshi. Wa pili alikuwa Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mpemba alieleza jinsi alivyoona mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, kwamba maziwa yenye sukari aliyoyatia katika jokofu yangali moto yaliganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, aliambiwa kwamba amejichanganya. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Osborne swali lile lile, na wenzake wakamcheka. Osborne alikwenda akalijaribu jambo hilo katika maabara.

Maelezo ya Mpemba yameandikwa kwa maneno mepesi ya mwanafunzi: nani alitia nini, katika chombo gani, na baada ya muda gani alikuta nini. Wanafizikia wanaendelea kubishana hadi leo kama jambo hilo hutokea kweli, na kama hutokea, kwa masharti gani. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walitia shaka ushahidi wote uliokuwapo. Mabishano hayo ni juu ya maji na barafu. Juu ya kile Mpemba alichosema kuwa amekiona hapana mabishano, kwa kuwa alikisema wazi.

Mtafiti kijana wa leo anayo mitambo ambayo Mpemba hakuwa nayo. Akiwa na kompyuta na mtandao wa intaneti, aweza kukaguliwa tahajia, kutafutiwa mifano ya sentensi, kutafsiriwa aya nzima, na hata kuandikiwa makala yote kwa dakika moja. Swali ni kama mitambo hiyo itamsaidia kusema wazi kile alichokiona, au itamsemea jambo ambalo hakuliona.

MZIGO WA LUGHA YA PILI

Ugumu wenyewe si wa kubuni. Mwaka 2023 jarida la PLOS Biology lilichapa matokeo ya uchunguzi uliofanywa miongoni mwa watafiti 908 wa sayansi ya mazingira kutoka nchi 8. Wale ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza walieleza kuwa makala zao hukataliwa kwa sababu ya lugha mara 2.5 hivi zaidi ya za wenzao, na kwamba hutakiwa kurekebisha Kiingereza chao mara 12.5 zaidi. Muda wanaoutumia kusoma na kuandika nao ni mrefu zaidi, na muda huo hutolewa katika utafiti wenyewe.

Katika Tanzania mzigo huo una umbo lake maalumu. Mtoto aliyepitia shule ya msingi ya kawaida ya serikali amefundishwa hesabu na sayansi kwa Kiswahili kwa miaka 7, na dhana za kwanza za joto, uzito, mbegu na ugonjwa zimo akilini mwake kwa lugha hiyo. Anapoingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Afikapo chuo kikuu atakuwa amekariri maneno mengi ya kitaalamu ya Kiingereza, lakini viungo vidogo vinavyoshikanisha maneno hayo, yaani vile visivyofundishwa katika somo la kemia wala la kilimo, mara nyingi havijamkaa sawasawa. Ndiyo maana tasnifu nyingi hazina kasoro katika majina ya viumbe na ya kemikali, ila zimejaa kasoro katika maneno ya herufi mbili tatu.

KIKAGUZI CHA TAHAJIA NA MIPAKA YAKE

Chombo kinachojulikana kuliko vyote ni kile kinachopiga mstari mwekundu chini ya neno lililokosewa. Kazi yake ni nyepesi kueleza. Mwaka 1964 Frederick Damerau wa kampuni ya IBM alionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya makosa ya tahajia aliyoyachunguza yalikuwa ya aina nne tu: herufi moja imeongezwa, imeachwa, imebadilishwa, au mbili zimepishana. Kompyuta hulinganisha kila neno na orodha yake. Ikikuta neno lisilokuwamo, hutafuta maneno yaliyo umbali wa kosa moja au mawili na kuyapendekeza. Aliyeandika "recieve" huonyeshwa "receive" kwa sababu herufi mbili tu ndizo zilizopishana.

Kwa hiyo kosa ambalo limezaa neno jingine halali humpita mkaguzi huyo wa zamani bila kuonekana. Wapo wasemaji ambao lugha zao za kwanza hazitengi sauti l na r. Mmoja wao akiandika "lice" mahali pa "rice", atakuwa ameripoti mavuno ya chawa badala ya mpunga, na mstari mwekundu hautatokea. Programu mpya za kukagua sarufi hutazama pia maneno ya jirani, hivyo nyingi zingeshtuka hapo. Hata hivyo hushtuka kwa sababu chawa hawavunwi katika sentensi nyingi walizozisoma. Shamba lenyewe hazikuliona.

KUYAULIZA MATINI

Kuna aina nyingine ya chombo ambayo haijulikani sana vyuoni, ingawa yamkini ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote kwa mwenye kutaka kujifunza. Hiyo ni hazina ya matini, ambayo wanaisimu huiita kongoo, pamoja na programu ya kuipekua.

Wazo lake ni la kale. Wasomaji wa Biblia na wa Kurani wamekuwa kwa muda mrefu na vitabu vinavyoorodhesha kila neno na kila mahali linapotokea, ili mtu ajue maana yake kwa kuyatazama mazingira yake yote. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Hans Peter Luhn wa IBM aliifundisha kompyuta kupanga orodha kama hiyo, neno linalotafutwa likikaa katikati ya kila mstari, na maneno yanayolitangulia na kulifuata yakionekana kushoto na kulia. Hazina ya kwanza mashuhuri ya Kiingereza ya kupekuliwa kwa kompyuta, iliyokusanywa katika Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, ilikuwa na maneno milioni 1 ya maandishi yaliyochapwa mwaka 1961. Ile ya Uingereza iliyokamilika mwaka 1994 ina maneno milioni 100. Ya Marekani iitwayo COCA, ambayo hupekuliwa kwa njia ya mtandao, imepita maneno bilioni 1.

Mtu huingia hapo na swali dogo. Chukua kitenzi "discuss". Msemaji wa Kiswahili, kwa kuwa amezoea kujadili juu ya jambo au kujadiliana kuhusu jambo, huona ni sawa kuongeza "about". Akilitafuta neno hilo katika hazina, atapata mistari mamia kwa mamia ambamo kitenzi kinafuatwa moja kwa moja na jambo linalojadiliwa. Hakuna aliyemkemea wala aliyemkaririsha kanuni. Ameona kwa macho yake, kama mtu aliyehesabu mimea katika kiunga, na kilichoonekana hivyo hukaa akilini.

Hali kadhalika kwa nomino zisizohesabika. Kiswahili kina vifaa, taarifa na tafiti, na ngeli huonyesha wingi wake bila shida. Kutokana na mazoea hayo huzaliwa "equipments", "informations" na "researches". Kikaguzi hukamata baadhi yake. Hazina huonyesha jinsi wenye lugha wanavyotoka katika tatizo hilo, yaani kwa kusema kipande cha kifaa, au aina mbili za taarifa.

Gumu kuliko yote ni neno "the". Katika maandishi ya Kiingereza neno hili huchukua takriban maneno 6 au 7 ya kila 100, kwa hiyo katika ukurasa wa maneno 300 mwandishi hulihitaji mara 20 hivi, na kila nomino humlazimu aamue kuliweka au kuliacha. Kiswahili hakina neno la namna hiyo. Msikilizaji hutambua kwa muktadha kama sampuli zinazosemwa ni zile zilizokwisha kutajwa au ni sampuli zozote. Kanuni ya vitabu, kwamba neno hilo ni la kitu kinachojulikana, humwacha mwanafunzi mahali pale pale, kwa sababu yeye mwenyewe anazijua sampuli zake tangu alipozichimba. Anayepaswa kuzijua ni msomaji. Ukifuata sehemu za mbinu katika makala nyingi za utafiti utaona mpangilio ukijirudia: kwanza "samples were collected", kisha, mstari mmoja baadaye, "the samples were dried". Mtu akiuona mpangilio huo mara thelathini, kanuni huanza kumwingia akilini.

Jambo la kupendeza ni kwamba mtafiti aweza kujitengenezea hazina yake mwenyewe bila gharama. Laurence Anthony wa Chuo Kikuu cha Waseda, Japani, alitunga programu iitwayo AntConc, ambayo hutolewa bure na ambayo, ikishapakuliwa, hufanya kazi bila intaneti. Sifa hiyo ya mwisho si ndogo kwa mtu anayenunua bando kwa siku au anayekaa kituo cha utafiti ambako mtandao huja na kuondoka. Mtafiti wa magonjwa ya muhogo, mathalan, huchagua makala 30 nzuri za fani yake, huzigeuza kuwa maandishi matupu, na kuziweka katika folda moja. Makala 30 za maneno 5,000 kila moja ni hazina ya maneno 150,000. Ni ndogo mno mbele ya ile ya bilioni 1, lakini yote ni Kiingereza cha watu wa muhogo: namna wanavyosema kuwa jani limeshambuliwa, wanavyotaja ukubwa wa kiunga, wanavyoripoti kuwa tofauti haikuonekana. Kamusi haina hayo. Uteuzi wa makala hizo 30 ndio wenye kudai uangalifu, maana hazina iliyojazwa makala mbovu itafundisha ubovu kwa ushahidi mwingi.

Hazina kama hiyo hufundisha pia kadiri ya uhakika. Mtafute "results" na utazame kitenzi kinachofuata. Aghalabu utakuta "suggest", "indicate" au "show", kila kimoja na uzito wake. "Prove", yaani kuthibitisha pasipo shaka, ni adimu sana katika sayansi za viumbe. Kiswahili kina ngazi zake za namna hiyo, tangu yamkini na huenda, kupitia yaelekea, hadi hapana shaka, na kila mzee anayetoa ushahidi barazani huzijua. Katika Kiingereza cha sayansi ngazi hizo zimo ndani ya vitenzi, na asiyezijua husema zaidi au pungufu ya alichokipata.

Kwa upande wa msamiati wa jumla, Averil Coxhead wa Chuo Kikuu cha Victoria, Wellington, New Zealand, alitoa mwaka 2000 orodha ya jamii 570 za maneno ambayo hujirudia katika maandishi ya kitaaluma ya fani zote, na ambayo kwa jumla huchukua asilimia 10 hivi ya maneno ya maandishi hayo. Orodha hiyo hupatikana bure mtandaoni. Chuo Kikuu cha Manchester nacho kimeweka wazi mkusanyo wa vifungu vya maneno uliotayarishwa na John Morley, ambao umepangwa kwa kazi ya kila kifungu: kutaja pengo katika maarifa, kukiri upungufu, kulinganisha matokeo. Watu huuliza kama kutumia vifungu hivyo ni wizi wa maandishi. La hasha. Maneno manne au matano ya kuunganishia hoja ni mali ya wote, kama zilivyo salamu. Sentensi yenye wazo au tokeo la mtu fulani ni mali yake, hata ukibadilisha nusu ya maneno.

Umbo la makala lina mtaalamu wake pia. John Swales alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1990 kwamba utangulizi wa makala ya utafiti, katika fani nyingi, hupiga hatua tatu: huonyesha uwanja, huonyesha pengo lililomo katika uwanja huo, kisha mwandishi huingia katika pengo hilo. Vifungu vya kuandikia hatua ya pili vimejaa mtandaoni. Pengo lenyewe halimo.

SAA MBILI NI SAA NGAPI?

Watafiti wengi huandika kwanza kwa Kiswahili, au hukusanya majibu ya wananchi kwa Kiswahili, kisha huyapitisha katika programu ya kutafsiri. Programu hizo zimekuwa bora sana tangu katikati ya miaka ya 2010, na mara nyingi hutoa sentensi laini kuliko ambazo mwandishi angezitunga mwenyewe. Hatari imo katika ulaini huo huo, kwa sababu kosa lililovaa sarufi nzuri halionekani kwa urahisi.

Tuseme mtafiti wa samaki ameandika katika daftari lake kwamba oksijeni iliyoyeyuka katika maji ya ziwa ilipimwa saa mbili asubuhi. Mtambo ukifuata neno kwa neno, utaandika saa 2 kwa hesabu ya Kiingereza, na kwa kuwa umeambiwa ni asubuhi, utaiweka baada ya usiku wa manane. Tofauti ni saa 6. Katika oksijeni ya maji saa 6 si jambo dogo: mchana mimea ya majini huitoa kwa kutumia mwanga wa jua, na usiku viumbe vyote huipumua bila kuirudisha, hata kiasi chake kwa kawaida huwa kidogo kuliko wakati wote karibu na alfajiri. Mhakiki aliye Ulaya atakayesoma kipimo hicho kuwa ni cha usiku ataelewa ziwa jingine kabisa. Mistari ya sarufi itakuwa safi, na hakuna mtambo utakaolalamika.

Mfano wa pili ni wa tiba. Mguu wa Kiswahili huanzia nyongani na kuishia vidoleni. Kiingereza hukata mguu huo vipande viwili na kuvipa majina mawili. Vivyo hivyo mkono. Daktari anayeandika juu ya vidonda vya mguu vya wagonjwa wa kisukari anajua kwamba vile vya wayo na vile vya muundi vina sababu na matibabu tofauti. Mtambo haujui alimaanisha vipi, na hauulizi, huchagua. Ndivyo unavyofanya pia kwa yeye, neno ambalo kwa Kiswahili halisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Mitambo ya kutafsiri imeonekana mara nyingi kumfanya daktari mwanamume na muuguzi mwanamke, kwa kuwa maandishi iliyojifunzia yalikuwa hivyo. Katika taarifa ya mahojiano ya wakulima, wanawake wengi waweza kugeuzwa wanaume pasipo mtu kukusudia, na hapo uchambuzi wa nani anamiliki shamba umekwisha kuharibika.

Dawa yake ni kuondoa utata huo kabla ya kuupa mtambo kazi. Andika saa kwa tarakimu za saa 24, andika wayo au muundi, andika mkulima mwanamke. Inambidi mwandishi aijue lugha yake kwa undani kuliko anavyodhani, maana makosa mengi ya tafsiri huanzia katika Kiswahili kilichoachwa na utata.

MTAMBO UNAOKISIA NENO LIFUATALO

Novemba 2022 kampuni ya OpenAI ya Marekani ilifungulia umma programu ya ChatGPT, na baada yake zikatokea nyingine za akili mnemba za namna hiyo. Msingi wake ni modeli ya lugha: mtambo uliosomeshwa maandishi mengi mno, ambao kazi yake ni kukisia neno, au kipande cha neno, chenye uwezekano mkubwa wa kufuata yale yaliyotangulia, kisha jingine, kisha jingine. Kwa kuwa maandishi ya Kiingereza ndiyo mengi zaidi katika mafunzo yake, mtambo huo ni stadi wa Kiingereza. Lakini uwezekano wa neno kufuata neno si sawa na ukweli wa jambo. Kwa sababu hiyo modeli hizi zimejulikana kutunga marejeo ya makala ambazo hazipo, zikiwa na majina ya waandishi, mwaka na namba za kurasa. Kila kitu kina sura ya marejeo ila hakuna kilichochapwa.

Kwa mwandishi wa lugha ya pili hatari iliyo karibu zaidi haimo katika marejeo ya uongo, ambayo huweza kukaguliwa maktabani. Imo katika kusafishwa sentensi. Mtafiti ameandika kwa taabu kwamba matumizi ya chandarua "was associated with" upungufu wa homa, yaani mambo hayo mawili yalionekana pamoja. Anaomba sentensi iboreshwe. Anarudishiwa sentensi yenye nguvu na mwendo mzuri, ambamo chandarua sasa "reduced" homa, yaani kiliipunguza. Kiingereza kimekuwa bora na sayansi imekuwa ya uongo, kwa sababu uchunguzi wake haukuwa wa kuweza kuonyesha kisababishi. Mwandishi asiyezijua zile ngazi za uhakika hataona kilichobadilika, na makala itatoka kwa jina lake.

Utumiaji wa mitambo hii umeacha alama. Watafiti waliochunguza ikisiri zaidi ya milioni 15 za makala za tiba na baiolojia waliona maneno fulani, mojawapo "delves", yakiongezeka ghafla baada ya 2022, na wakakadiria katika taarifa yao ya mwaka 2025 kwamba angalau asilimia 13.5 ya ikisiri za mwaka 2024 zilipitia katika modeli za lugha. Wataalamu wa nchi mbalimbali wameanza kuandika kwa mdomo mmoja.

Vyuo na majarida yamejibu kwa programu za kunusa maandishi ya mtambo, na hapo mwandishi mwaminifu wa lugha ya pili amepata dhiki mpya. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu saba za namna hiyo kwa insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zote zikiwa zimeandikwa na watu. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilihukumiwa kuwa ni kazi ya mtambo, ilhali insha za watoto wa shule wa Marekani zilipita karibu zote. Sababu yake yafahamika: programu hizo hupima jinsi maneno yanavyokisika kwa urahisi, na mwenye msamiati mdogo huandika maneno yanayokisika. Watafiti wale waliuagiza mtambo uzipambe insha za TOEFL kwa msamiati mpana; tuhuma zikapungua sana. Aliyeandika kwa jasho lake alishukiwa, na aliyepambiwa na mtambo akaachwa. Chuo kinachomwadhibu mwanafunzi kwa ushahidi wa programu hizo peke yake hakijaielewa sayansi yake.

Januari 2023 majarida ya Nature na Science yalitangaza kwamba mtambo hauwezi kuwa mwandishi wa makala, kwa kuwa hauwezi kuwajibika kwa yaliyomo. Kanuni za majarida hutofautiana na hubadilika. Mwenye kupeleka makala yampasa asome kanuni za jarida lake na kutaja alivyoutumia mtambo pale anapotakiwa. Jambo jingine husahauliwa: maandishi yanayobandikwa katika programu za mtandaoni husafiri hadi kwenye kompyuta za watu wengine. Majina ya wagonjwa na matokeo ambayo hayajachapwa hayafai kusafiri hivyo.

DAFTARI LA SHAMBANI

Modeli za lugha zina kazi moja ambayo walimu wachache vyuoni wana muda wa kuifanya, nayo ni kueleza kosa. Mwanafunzi akiuambia mtambo usiandike upya sentensi yake bali umwonyeshe makosa matatu na sababu zake, atajibiwa upesi, hata usiku wa manane, bila kuonewa aibu. Maelezo hayo mara nyingine huwa ya makosa, na ndipo hazina ya matini inapofaa: akiambiwa kwamba kihusishi fulani si sahihi, hukitafuta katika makala zake 30 na kuona wenziwe wa fani hiyo wamekitumiaje. Yafaa pia azitunze rasimu zake zote kwa tarehe, tangu ile ya kwanza yenye makosa mengi. Akishukiwa siku moja na programu ya kunusa, rasimu hizo ndizo zitakazomshuhudia.

Baada ya marekebisho yote hubakia kipimo kimoja kisichohitaji umeme. Mwandishi huichukua rasimu ya mwisho ya Kiingereza na kumsimulia mwenzake aliyekuwa naye kazini, sentensi kwa sentensi, kwa Kiswahili, mwenzake huyo akiwa ameshika daftari la vipimo. Wakifika pale palipoandikwa kwamba oksijeni ilipimwa saa 2 usiku wa kuamkia Jumanne, mwenye daftari atauliza nani aliyekuwa ziwani saa nane za usiku, kwa kuwa yeye anakumbuka kwamba mtumbwi uling'oa nanga jua likiwa limekwisha kuchomoza.